Dubu mweupe amebadili msosi? Tupige hesabu kwanza

Wadau, kuna ubishi unaonirudia kila nikigusa mambo ya tabianchi, na leo nataka tuumalize, au angalau tuusogeze mbele. Ukiandika tu kwamba barafu ya Aktiki inayeyuka na dubu weupe wako matatani, haipiti saa anatokea mtu na hoja hii: mbona dubu wenyewe wanajizoesha? Wanakula mayai, wanakula kulungu, wanakula hadi takataka. Mnyama akikosa hiki si anakula kile? Acheni kututisha. Halafu anakuwekea na video.

Na video ni ya kweli. Hapo ndipo ubishi unapokuwa mgumu.

Nilipoanza kufuatilia nilitegemea nitakuta kuna mtu anadanganya, ama wale wa video ama wale wanasayansi. Kumbe hakuna anayedanganya. Dubu wanakula mayai kweli. Tatizo liko kwenye hesabu, na hiyo hesabu watu wengi hatuipigi kwa sababu video ya sekunde arobaini haina hesabu ndani yake.

Tuanze na msosi wenyewe. Dubu mweupe anaishi kule juu kabisa kaskazini: Kanada, Alaska, Greenland, visiwa vya Svalbard vya Norwei, na Urusi. (Yule aliyenitumia picha ya dubu amekaa na pengwini: ndugu yangu, pengwini kwao ni kusini, hao wawili hawakutani porini. Hiyo picha imeunganishwa.) Chakula chake kikuu ni sili, wale wanyama wa baharini wenye mwili kama gunia lililojaa, miguu kama mapezi. Hasa anakula sili mdogo mwenye alama za mapete mgongoni, na yule mkubwa mwenye masharubu marefu. Sili anaishi majini lakini anavuta hewa kama mimi na wewe, kwa hiyo lazima apande juu. Bahari ikiganda anatunza matundu kwenye barafu ya kupumulia. Dubu anakwenda kukaa pembeni ya tundu, kimya, hata saa nzima na zaidi. Kichwa kikichomoza, kazi imekwisha.

Sasa ondoa barafu hapo. Sili anapumua popote anapotaka kwenye bahari nzima, na dubu hana pa kukaa kumvizia. Dubu anaogelea sana, anaweza kuogelea siku kadhaa, lakini kumkimbiza sili ndani ya maji ni sawa na mimi kumkimbiza mwendesha pikipiki kwa miguu. Kwa hiyo barafu kwa dubu ndiyo kazini kwake.

La pili, na hili ndilo muhimu kuliko yote: anachokitaka kwa sili ni mafuta kuliko nyama. Dubu aliyepata windo zuri hula mafuta na ngozi kwanza, nyama mara nyingi anawaachia mbweha. Mtoto wa sili anapoacha kunyonya, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Na hao watoto, wanono, wajinga, hawajajua hatari, wanapatikana kuanzia kama mwezi wa nne hadi wa sita. Hayo ndiyo mavuno ya mwaka mzima. Dubu anakula hapo kama hana akili nzuri, anaweka mafuta mwilini, halafu barafu ikivunjika anapanda nchi kavu na kuishi kwa akiba. Jike mwenye mimba kule pwani ya magharibi ya Hudson Bay, Kanada, anaweza kukaa miezi 8 bila kula, na ndani ya miezi hiyohiyo anazaa na kunyonyesha. Si mchezo.

Ukishaelewa hilo, swali la "mwezi wa nane anakula nini?" linakuwa dogo. Swali lenye uzito ni: mwezi wa tano alivuna kiasi gani, na akiba hiyo inatakiwa imfikishe hadi lini?

Joto linaila akiba hiyo pande zote mbili. Barafu inavunjika mapema, mavuno yanakatishwa katikati. Inaganda kwa kuchelewa, mfungo unarefuka. Aktiki imekuwa ikipata joto karibu mara nne ya wastani wa dunia tangu mwaka 1979, na Septemba 2012 barafu ya bahari ilishuka hadi kilomita za mraba milioni 3.4 hivi, kiwango cha chini kuliko vyote tangu satelaiti zianze kupima. Kule magharibi ya Hudson Bay muda ambao dubu hukaa nchi kavu ulirefuka kwa kama wiki tatu kati ya 1979 na 2015. Wiki tatu unaweza kuziona chache. Mwambie mtu aliyefunga aongeze wiki tatu.

Haya, sasa zile video.

Ile ya kulungu ni ya Agosti 2020, Hornsund, Svalbard. Dubu jike alimkimbiza reindia, jamii ya kulungu wa nchi za baridi, akamuingiza baharini, akamuua majini, akamvuta ufukweni na kumla. Nimeiangalia mara nyingi na kiukweli inasisimua. Kuna na ile habari ya Aprili 2014, Svalbard hukohuko, mtafiti Jon Aars alimkuta dubu anakula pomboo. Pomboo! Walikuwa wamenaswa na barafu, akawapata, mmoja akamla na mwingine akamfukia kwenye theluji kama mtu anayeweka kiporo kwenye friji. Na mayai ndiyo usiseme, miaka hii dubu wa Svalbard na wa Kanada wameonekana wakipita kwenye makundi ya viota vya mabata bukini na mabata wa baharini, wanasafisha kiota baada ya kiota.

Lakini mwaka 2017 watafiti walirusha droni juu ya kisiwa cha Mitivik, Nunavut, kaskazini ya Kanada, wakawarekodi dubu wanaokula mayai ya mabata kwa siku 11. Waliofika mwanzo walikula vizuri. Siku zilivyokwenda viota vikapungua, dubu wakawa wanatembea zaidi kwa kupata kidogo zaidi, wanakwenda kwenye viota vitupu, wengine wanavipita vyenye mayai vilivyo karibu nao hawavioni. Yaani mnyama ambaye kwenye tundu la sili ni fundi, kwenye kiota cha bata ni mwanagenzi. Na mabata nao waliangamizwa msimu ule, hilo hakuna anayelizungumza. Dubu mmoja anakula uzazi wa mwaka mzima wa ndege kibao na bado hashibi.

Hapa ndipo hesabu inaanza kuonekana. Ni kama unatoka Mbagala unakwenda Tegeta kudai deni la elfu mbili. Umelipwa, ndiyo, hata picha umepiga unalipwa. Lakini nauli imekula yote na jua limekupiga bure.

Na nauli ya dubu ni kubwa kuliko walivyodhani hata wataalamu. Mwaka 2018 Anthony Pagano na wenzake walichapisha utafiti wa dubu majike 9 wa bahari ya Beaufort, juu ya Alaska, waliovalishwa mikanda ya shingoni yenye kamera. Waligundua mwili wa dubu unachoma nguvu mara 1.6 ya makadirio ya zamani. Ili jike mmoja asipungue, anahitaji sili mkubwa mmoja kila siku 10 hadi 12, au watoto wa sili 19 waliozaliwa karibuni kwa muda huohuo. Na hapo wako kwenye barafu, msimu wa mavuno, na bado zaidi ya nusu ya hao 9 walipungua uzito ndani ya siku chache tu za kupimwa.

Sasa wakahamia nchi kavu. Utafiti uliotoka mwaka 2024, wa timu ya Pagano huyohuyo, uliwafuatilia dubu 20 wa magharibi ya Hudson Bay wakati wa kiangazi, miaka ya 2019 hadi 2022, kila mmoja kama wiki tatu. Huu ndio ningependa kila mbishi ausome, kwa sababu dubu hawakufanya kitu kimoja. Wengine walilala tu, wanabana matumizi karibu kama mnyama aliyejificha kipindi cha baridi. Wengine walihangaika: wakala matunda pori, majani, mwani, mifupa, ndege waliokufa. Watatu wakaingia baharini kuogelea safari ndefu, mmoja akapiga kama kilomita 175. Wawili kati ya waogeleaji walikuta mizoga majini lakini hawakuweza kuila vizuri wakiwa wanaelea, wala kuivuta hadi ufukweni.

Matokeo? Dubu 19 kati ya 20 walipungua, kuna waliopoteza hadi kilo 1.7 kwa siku. Mmoja tu aliongezeka, aliyebahatika kupata mzoga nchi kavu. Na kilichonishika zaidi ni hiki: waliohangaika kula na waliolala, kupungua kwao kulikuwa karibu sawa. Kile walichokila kilitumika kukitafuta. Wangekuwa binadamu tungesema wamefanya kazi bila mshahara.

Kuna na hoja ambayo mimi naiona ni kali kuliko zote, ilielezwa mwaka 2015 na watafiti wakiongozwa na Karyn Rode. Pwani za Aktiki tayari zina dubu anayeishi kwa chakula cha nchi kavu: dubu wa kahawia. Amezoea vizazi na vizazi kuchimba mizizi na kula matunda pori. Na dubu wa kahawia wa eneo hilo ni wadogo wa mwili kuliko wenzao wengi na wanaishi kwa kutawanyika, mmoja huku mwingine kule mbali. Kama mwenyeji mwenyewe ananyimwa unene na ile ardhi, mgeni wa kilo 500 anayetaka mafuta atapewa nini?

Kwa hiyo nikisikia neno "kujizoesha" nakuwa mgumu. Mtu akila maembe mabichi wakati wa njaa hatusemi amebadili mlo. Tunasema ana njaa.

Sasa nisije nikaonekana napendelea upande mmoja, maana na upande wetu una madhambi yake. Mwaka 2017 ilisambaa video ya dubu aliyekonda mifupa mitupu, Somerset Island, Kanada, akifukua pipa la taka. Dunia nzima ililia. Maandishi yaliyowekwa yaliiambia dunia kwamba sura ya mabadiliko ya tabianchi ndiyo hiyo. Mwaka uliofuata National Geographic wakakiri kwamba walivuka mpaka: hakuna aliyejua dubu yule mmoja alikonda kwa nini. Pengine ni uzee, pengine jeraha, pengine maradhi. Nami niliwahi kuitumia hiyo video kwenye mabishano, nikajiona nimeshinda. Dubu mmoja aliyekonda hathibitishi kitu, sawasawa na dubu mmoja anayekula kulungu.

Na kuna sehemu dubu wako vizuri. Ndiyo, nimesema. Aktiki ina makundi kama 20 ya dubu yanayohesabiwa tofauti, jumla inakadiriwa kama 26,000, na hayafanani. Svalbard kwenyewe, ambako barafu imepotea kwa kasi ya kutisha, dubu wamebaki na unene mzuri kwa miaka mingi. Bahari ya Chukchi, kati ya Alaska na Urusi, nako kuna wanono. Wabishi wanapozitaja hizi wanasema kweli, na mwanaharakati anayezificha anajiharibia mwenyewe.

Ila uliza kwa nini. Chukchi bahari ina utajiri wa sili. Svalbard reindia walipigwa marufuku kuwindwa mwaka 1925, mnyama wa baharini aitwaye walrasi akalindwa kuanzia 1952, dubu mwenyewe 1973. Yaani kule kuna msosi uliolindwa na watu kwa karibu miaka mia, na inawezekana pia barafu ikipungua sili wanabanana kwenye kilichobaki, wanakuwa rahisi kukamatwa kwa muda. Halafu kusini mashariki ya Greenland wapo mamia machache wanaowinda kwenye vipande vya barafu vinavyodondoka kutoka barafu ya nchi kavu, waliripotiwa mwaka 2022. Watafiti wenyewe walisema sehemu za namna hiyo ni chache sana Aktiki. Hiyo ni sehemu ya kujifichia, haitoshi kuwa makao ya dubu wote.

Sasa rudi Hudson Bay uone kinachotokea pasipokuwa na bahati hizo. Hesabu ya magharibi: miaka ya 1980 walikuwa kama 1,200. Mwaka 2016 walikadiriwa 842. Mwaka 2021 walikadiriwa 618. Wengine wanaweza kuwa wamehamia kwa jirani, watafiti hawakulifungia macho hilo, lakini waliokuwa wanakosekana zaidi ni majike na watoto. Na hapo ndipo njaa inapoanzia. Dubu dume mkubwa hafi njaa haraka. Kinachotangulia ni mama kukosa akiba ya maziwa, mtoto anakufa, na hakuna mtu mwenye kamera pale. Wala hakuna video yake ya kukutumia.

Tukiwa kwenye takataka: Februari 2019, kijiji cha Belushya Guba, visiwa vya Novaya Zemlya, Urusi, ilitangazwa hali ya dharura. Dubu 52 walikuwa wameonekana karibu na makazi, kwenye dampo, wengine wanaingia hadi kwenye ngazi za majengo ya watu. Watoto hawakwenda shule bila ulinzi. Desemba mwaka huohuo ikawa zamu ya Ryrkaypiy, mashariki ya mbali ya Urusi, zaidi ya dubu 50. Huyo ndiye dubu "aliyejizoesha" kula takataka: amesimama mlangoni kwako asubuhi, na tumboni ana mifuko ya plastiki.

Ndiyo maana sipendi jinsi Wainuiti wanavyowekwa pembeni kwenye huu mjadala. Wao ndio wenyeji wa Aktiki ya Kanada na Greenland, wameishi na dubu kabla hakujawa na mtafiti wala video. Mwaka 2018 dubu waliua watu wawili Nunavut. Wainuiti wengi wanasema wanaona dubu wengi zaidi vijijini kuliko zamani, wanasayansi wanajibu kwamba dubu wenye njaa wakisukumwa nchi kavu lazima waonekane zaidi hata kama jumla imepungua. Mimi naona yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Lakini aliyeko mjini mbali akipiga kelele "mlindeni dubu", na aliyeko kijijini anampeleka mtoto shule akiwa na bunduki begani, hawabebi mzigo sawa. Na wote wawili hawakuchoma mafuta na makaa ya mawe kiasi cha kuyeyusha hiyo barafu.

Mji wa Churchill, Manitoba, pale pale Hudson Bay, ulijifunza mapema. Dampo la wazi ambalo dubu walikuwa wanakula walilifunga miaka ya 2000. Dubu mkorofi anakamatwa na kuwekwa kwenye jengo ambalo watu wanaliita jela ya dubu. Humo anapewa maji, chakula hapewi. Si ukatili: akilishwa mara moja atajua mjini kuna msosi, atarudi, na siku moja atapigwa risasi. Wakazi wengi hawafungi milango ya magari yao kwa funguo, ili mtu yeyote akikutana na dubu barabarani apate pa kurukia.

Kila mwaka kuelekea mwezi wa kumi na moja dubu wa pale wanakusanyika ufukweni kungoja bahari igande. Watalii wanapiga picha, wanasema angalia walivyotulia. Wale hawajatulia, wamebana matumizi, wanahesabu siku kama mtu anayengoja mwisho wa mwezi na mfukoni hana kitu. Barafu ikishika tu wanaondoka, na mayai ya bata hakuna anayeyakumbuka.

Kwa hiyo mdau mwenye video ya dubu anakula kitu cha ajabu, ilete, mimi nazipenda hizo kuliko unavyofikiri. Ila niandikie na mahali, mwezi na mwaka, halafu uniambie yule dubu alikuwa na kilo ngapi kabla na kilo ngapi baada ya wiki tatu. Uwanja ni wenu hapo chini.